Kabla Hujapita Kibua

Masisi, jioni

Kavira mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia ya sweta, ya dawa za malaria na ya kutokula chakula cha njiani kilichopoa, kwa hiyo hayo siyarudii. Habari za barabara ya Walikale unayoianza kesho unazijua kuliko mimi, maana wiki nzima umeshinda ukiwauliza madereva wa malori hali ya Nyabiondo na ya madaraja ya mbele. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka tisa, na juzi nimeliongezea uzito mbele ya macho yako. Ninaandika nikiwa kwenye benchi ya gereji. Wewe uko jikoni na mama yako, mnacheka, nawasikia. Ninaogopa kwamba ukimaliza kusoma hutacheka nami kwa muda mrefu, na utakuwa na haki.

Soma mpaka mwisho kabla hujawasha gari.

Juzi ulikuwa ndani ya jeep, boneti iko wazi. Ulizima injini, ukakanyaga pedali ya breki mara tano mpaka ikakaza, ukaacha mguu hapo hapo, kisha ukawasha. Ukangoja. Mimi nilikuwa nyuma yako nikijifanya natafuta spana, lakini nilijua unangoja nini. Servo ikiwa nzima, injini inapowaka pedali hushuka kidogo chini ya mguu. Ile haikushuka. Ukashuka wewe, ukaufuata ule mpira kwa kidole, kutoka kwenye servo, lile bakuli jeusi linalousaidia mguu wa dereva, mpaka kwenye mdomo wa injini ya dizeli inamoingilia hewa. Ukaniita.

"Papa, kuya kwanza. Nani alifungaka hii mpira hapa? Hii ni moteri ya mazutu, haivute kitu."

Nikasema, "Ni Kambale."

Nilisema upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Ukajinyoosha, ukafuta mikono kwenye tambara, na uso wako ukabadilika nikauona. Ukasema, "Njo vile aliua Mama Riziki." Baadaye, ulipokuwa unafunga boneti, ukaniambia kwamba njia yako ya Walikale inapita Kibua mlangoni kwa baba yako mdogo, lakini hutasimama, hata kupunga mkono hutapunga. Nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Kavira, si Kambale. Ni mimi niliyeufunga ule mpira. Mdogo wangu hakuwahi kushika spana kwenye servo ile hata siku moja.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana ulikuwa na miaka kumi na minne tu wakati ule, na uliyoyasikia uliyasikia kutoka kwangu.

Jeep hiyo niliinunua kwenye ferme moja, shamba la ng'ombe, huko juu, ilikuwa imekuwa banda la kuku. Ilikuja na injini yake ya petroli iliyokunywa kama mlevi wa sikukuu, na breki za zamani zisizo na msaada wowote. Kuisimamisha ulitumia miguu miwili na sala. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka Butembo na ufundi wa kujifunzia chini ya malori, nikataka watu wa Masisi wajue nimefika. Nikaitoa injini ya petroli, nikaingiza injini ya mazutu ya basi dogo. Nikaiwekea breki za diski mbele. Nikaiwekea servo. Watu walikuja kuitazama Jumapili baada ya misa wakiwa na nguo zao nzuri, na mimi nilisimama kando nikijibu maswali. Nilijiona mhandisi. Sikuwahi kupendwa hivyo kabla ya hapo, na nakuambia ukweli, nilikuwa naipenda hali ile kupita kiasi.

Wewe sasa unajua kwa kusoma kile nilichokuwa najua nusu. Injini ya petroli inavuta hewa kwa nguvu, na mvuto huo ndio servo inaoutumia kuusaidia mguu. Injini ya mazutu haivuti hivyo. Inahitaji pampu yake ndogo ya kunyonya hewa, na ile yangu ilikuwa nayo, nyuma ya alternata inayochaji betri. Miaka mingi breki zilikuwa laini na nzuri, na nilidhani ni kwa sababu ya akili zangu. Ile pampu sikuiheshimu, niliiona kama kipande tu cha alternata.

Kisha alternata ikaungua. Nikapata nyingine kwenye soko la Sake, nzuri, inang'aa, inachaji vizuri kabisa, ila nyuma haina pampu. Mpira wa servo ukabaki mkononi mwangu, hauna pa kwenda. Nikaukumbuka mpira kama ule kwenye magari ya petroli, jinsi unavyoingia kwenye mdomo wa hewa. Nikautoboa mdomo wa injini ya mazutu, nikauchomeka mpira, nikaukaza kwa koleo, nikaenda kula. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Kambale ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa anapakia maharage, fromage, lile jibini letu la Masisi, na akina mama wa soko, anashuka Sake na kupanda. Wiki ya pili aliniambia pedali imekuwa ngumu. Nikatoa hewa kwenye mabomba ya breki. Akarudi, bado ngumu. Nikabadilisha pampu kuu ya mafuta ya breki. Akarudi. Nikabadilisha plaketi, vile vibao vinavyobana diski. Kila mara niliijaribu hapa uani, pakiwa tambarare, gari tupu, na kila mara ilisimama. Mara ya nne aliponijia, wafanyakazi wakiwa wanasikiliza, nilimwambia ale fufu vizuri, mguu wake umekuwa wa mwanafunzi wa shule ya mabinti. Watu wakacheka sana. Yeye pia alicheka. Hakuniambia tena.

Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Ningekuwa na chaguo la kufuta siku moja, sijui kama ningefuta ile ya ajali au ile ya kicheko.

Jambo jingine unapaswa kulijua, maana ndilo lililommaliza Kambale. Sisi madereva wa milima hii tulikuwa na tabia ya kuzima injini tunaposhuka, tunaliacha gari liserereke lenyewe ili kuokoa mazutu. Wewe ulizaliwa ukakuta hivyo. Mimi ndiye niliyemfundisha Kambale kufanya hivyo, nikamsifu alipoweza kutoka juu mpaka chini bila kuwasha. Lakini na jeep ile alikuwa ameacha. Mguu wake ulimwambia kwamba gari hili halichezewi, akaacha kimya kimya, akawa anaiacha injini iwake na kutumia gia ndogo kila mteremko. Hilo sikulijua mpaka ikawa haina faida kulijua.

Siku ile mvua ilikuwa imepiga, kisha ikaacha. Magunia ya maharage nyuma, watu wanne juu yake, na Mama Riziki mbele na kapu lake la fromage. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Sake pedali ikawa kama jiwe. Kambale akaweka gia ya kwanza, akavuta breki ya mkono, gari likazidi. Upande mmoja bonde, upande mwingine mlima. Akaligongesha kwenye mlima. Wale wanne walitoka na michubuko, yeye akavunjika mkono. Mama Riziki alipigwa kifuani, akafa siku ya tatu hospitalini.

Sina haja ya kukueleza Mama Riziki alikuwa nani kwako. Alikubeba mgongoni kabla mama yako hajapona uzazi. Ulipoanza shule alikuwekea kipande cha fromage kila Jumamosi, na ulikuwa unanificha mimi ili usinigawie. Siku ya mazishi ulikataa kuondoka kaburini, nikakubeba ingawa ulikuwa umekwisha kuwa mzito.

Siku ya kwenda kulivuta gari, Mama Riziki akiwa bado hai, alikuwepo mzee mmoja fundi wa Sake, tulimwita Papa Selemani. Askari wawili wa kambi ya Mubambiro waliokuwa wanapanda kwa miguu walitusaidia kusukuma. Papa Selemani akafungua boneti kutazama, akaufuata ule mpira kwa macho. Akaniuliza polepole, wengine wasisikie:

"Mutoto wangu, hii ni mazutu. Hewa ya servo inatokea wapi?"

Nilimwambia nitaangalia nyumbani. Akanitazama, akafunga boneti, hakuniuliza tena na wala hakumwambia mtu. Kwa hiyo usidhani nilikuwa gizani. Kuanzia saa ile nilijua. Nilipanda mlima nyuma ya gari lililovutwa, najua.

Kikao kilikaa hapa uani kwetu baada ya mazishi, kaka zake Mama Riziki upande mmoja na sisi upande mwingine. Hawakuja kwa ugomvi. Walitaka jambo lisemwe, liishe, watu waendelee kusalimiana. Wakamuuliza Kambale kama alizima injini. Akasema hapana. Mkubwa wao akasema madereva wote wa mlima huu wanazima, kwa nini yeye peke yake awe hakuzima. Watu wakaguna. Kisha wakanigeukia mimi, maana hapa Masisi fundi akisema gari ni zima, ni zima, neno lake halipimwi. Nikasema, gari lilitoka kwangu likiwa zima.

Basi. Sikusema kingine, na hakuna aliyehitaji kingine. Kambale aliinama, mkono wake ukiwa kwenye bandeji, akawaomba msamaha watu wa marehemu. Aliomba yeye, mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Miaka mingi nilijiambia nilifanya hivyo kwa ajili yenu. Gereji ikipoteza jina mtakula nini, utasoma na nini. Ni uongo pia huo. Ilikuwa aibu tu. Nilikuwa mtu aliyetengeneza ile jeep, na sikutaka kuwa mtu aliyeua nayo.

Jioni ya kikao Kambale alikuja gereji kunirudishia funguo. Tulikuwa wawili peke yetu.

"Kaka, moteri ilikuwa inawaka," akasema.

"Watu wote wanajua munazimaka."

"Nilikuambia pedali iko nguvu. Mara ine nilikuambia."

Nikamwambia aende akapumzike. Aliziweka funguo juu ya benchi hii ninayoandikia, taratibu, akaondoka. Wiki ileile alihamia Kibua kwa watu wa mke wake, akaanza kulima muhogo, yeye ambaye hakuwahi kupenda jembe. Hakushika usukani tena. Na kila mwaka, mtu akitoka huko, anatutumia kidumu cha mafuta ya mawese. Umekuwa ukinitania kwamba mimi ni Munande wa ajabu, mtu wa Butembo ninayekula kunde kavu wakati mawese yapo mezani. Nilikuwa nasema tumbo linaniuma. Tumbo langu halina shida yoyote.

Sasa wewe unaenda kuwa fundi kati ya watu wasiokujua, na najua utakuwa bora kuliko mimi, umekwisha kuwa. Sitakufundisha breki. Ila nitakuambia nilivyokosea, kwa sababu kosa langu halikuanzia kwenye mpira. Pedali laini inayozama ni hewa kwenye mabomba, pedali ngumu isiyozama ni mguu uliokosa msaada. Mtoto wa wiki moja gereji anajua hivyo. Mimi niliambiwa ngumu nikatibu laini, mara tatu, kwa sababu kutoa hewa nilikuwa nakujua na servo sikuwa naijua. Nilitibu ugonjwa niliouzoea. Na gari nililijaribu pale lilipokuwa rahisi kulijaribu. Kama ningeshuka na Kambale mara moja tu, na magunia yake, mguu wangu mwenyewe ukiwa kwenye ile pedali, ningejua kabla ya kona ya pili. Sikutaka kushuka naye kwa sababu ndani yangu nilikuwa na wasiwasi kwamba anasema kweli. Ukija kujikuta unamcheka dereva mbele ya watu, Kavira, simama hapo hapo. Mimi nilipoanza kucheka nilikuwa nimekwisha kuishiwa na majibu.

Baada ya hapo niliifunika jeep kwa turubai miaka yote hiyo. Watu walidhani ni huzuni. Uliporudi kutoka Goma na ufundi wako na kuniomba uitoe, nilikupa kwa furaha na kwa hofu, sijui ipi ilikuwa kubwa. Ulipouliza nani alifunga mpira, ulikuwa unanitazama kama watu walivyonitazama zile Jumapili, na zaidi, kwa sababu wewe unaelewa unachokitazama. Sikuweza kuupoteza uso ule. Nikalichukua jina la mdogo wangu tena, mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza lilinisaidia. Uovu wa kwanza niliufanya nikiwa na hofu ya watu. Huu wa juzi niliufanya mbele ya mwanangu mmoja aliyeniuliza swali la kawaida, na huo ndio mzito zaidi.

Jana ulifunga ile alternata yenye pampu uliyokuja nayo kutoka Goma kama kipuri cha akiba. Ulipoenda sokoni niliingia garini peke yangu, nikakanyaga mara tano, nikawasha. Pedali ikashuka chini ya mguu wangu, laini, kama ilivyotakiwa kuwa siku zote. Nililia humo ndani, Kavira, kwa sauti. Kazi yote ilikuwa ya asubuhi moja.

Leo mchana nimemwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Akaniuliza kama Kambale anajua kwamba ninajua. Nikamwambia nadhani alijua tangu siku ya funguo. Hapo akasukuma ungo kando.

"Umuambie mutoto mbele ya kwenda," akasema. "Asipite ku mulango ya mutu na uongo yako."

Kwa hiyo nimekuambia. Sikuombi unisamehe usiku wa leo, wala kesho. Umenichukulia kuwa mtu fulani maisha yako yote na sasa unaondoka nyumbani ukiwa na mwingine. Hilo linahitaji muda wake. Na sikuombi umpelekee Kambale maneno haya. Ukimpelekea utakuwa umenifanyia kazi yangu kwa mara nyingine, baada ya ile ya servo, na mimi nitabaki hapa nikisubiri jibu kama mkubwa. Riziki naye nitamwendea mwenyewe, pale Lushebere kwenye kambi wanakoishi yeye na jamaa zake tangu walipokimbia vita. Mama yake alikufa kwa mkono wangu na hajawahi kuambiwa. Lakini wa kwanza ni Kambale.

Kesho asubuhi utanikuta nimekaa kwenye kiti cha mbele, upande wa abiria. Godoro lako nimelitoa hapo nikalifunga nyuma kwa kamba, halitalowa. Ukiona huwezi kunibeba, fungua mlango wa upande wangu tu, huna haja ya kusema neno, nitashuka. Nitatafuta pikipiki mpaka zinapofika pikipiki, na zinapokoma nitatembea, na Kibua nitafika. Ukiniacha nikae, usiniulize kitu njiani. Ninajijua. Nikianza kueleza kwa wingi nitapata maneno mazuri, na maneno mazuri ndiyo yaliyoniponza.

Tukifika kwake, zima gari lakini usishuke nami. Shusha kioo. Kwenye kile kikao walikuwepo watu thelathini wa kunisikia nikidanganya, na kesho kutwa, baada ya kulala njiani, pale mlangoni kwake hatakuwepo mtu ila yeye na mimi, na nimekwisha kuona ninavyofanya tukiwa wawili peke yetu. Nataka uwe unasikia ninapolisema, ili nisipate tena nafasi ya kulimeza.

Papa yako